Ukuta wa Kampuni, Mlango Wako

Wifi yangu Zunilda Carvajal alikuwa na duka la picha Antofagasta, bandari ya Chile, mtaa wa nyuma ya soko, na wateja wake wote walikuwa na sura moja: sura ya mtu anayetaka kitambulisho. Kutwa aliwaambia maneno yale yale. Simama wima, usicheke, tazama mbele. Wakishapigwa picha wakaenda zao, na jioni yeye akafunga duka akarudi kwa mama yake, miguu imemvimba. Alizeeka katika kazi hiyo kama sisi sote tulivyozeeka katika zetu, bila mtu kugundua. Ila kila Jumapili alfajiri simu yangu ililia, akaniuliza kama pikapu ina mafuta, nami nikajua siku yangu ya kupumzika imeshaliwa.

Mwenye gari ni mimi, hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mume wangu Evaristo, mdogo wake Zunilda, aliumia mgongo katika kazi ya malori, akaniachia usukani na dada yake juu. Nikilalamika hunijibu kutoka kitandani, "Mpeleke tu, Nolfa, asije akapanda gari la majambazi." Jambazi gani aende Santa Blandina? Hata mbwa hawaendi.

Santa Blandina ni mahame ya machimbo ya shura, chumvi ya kutengenezea mbolea, kule juu jangwani. Zamani watu waliichimba mchana na usiku, ikashushwa bandarini kwa treni kwenda kurutubisha mashamba ya wengine. Kisha dunia ikapata mbolea ya kiwandani, kampuni ikafunga, watu wakafungasha. Mvua haijui njia ya kule, kwa hiyo kilichoachwa kinabaki kama kilivyoachwa, kiatu na kamba zake, ubao wa shule na hesabu yake ambayo haikumalizwa. Zunilda alitoka pale akiwa mtoto wa kubebwa, hakumbuki hata sauti ya king'ora. Evaristo alizaliwa baadaye, huku chini. Mimi ni mtoto wa bandarini, sikuacha kitu kule, basi sikuona la kufuata.

Nitasema ukweli lakini: mahali pale pana kitu. Unaingia katika nyumba isiyo na paa, unajikuta unanong'ona. Upepo ukigusa bati mahali fulani, unageuka haraka, kama mtu aliyefumaniwa jikoni kwa watu. Mara ya kwanza nilipiga hodi kwenye kizingiti kabla sijajua ninafanya nini, nikaona haya, kwani nani angenikaribisha? Zunilda hakunicheka. Aliniambia yeye hupiga hodi kila nyumba, kisha husubiri kidogo ndipo aingie. Nilimuuliza anasubiri nini. Alisema hajui, lakini akiingia bila kusubiri picha haitoki vizuri.

Alikuwa na sheria zake. Hachukui kitu, hata msumari. Hasogezi kiti ili picha ipendeze. Na kilichofungwa hakifungui. Watu walipanda na magari kuiba mabati na mbao, maana mbao za zamani zina bei mjini, hutengenezewa meza za mahoteli. Zunilda alisimama mbele ya magari yao, mwanamke mfupi mwenye kofia ya majani, akapiga picha namba zao huku akiwatolea maneno ambayo mama yake hakumfundisha. Wazee wa Santa Blandina, wale wanaorudi kila mwaka kwenye maadhimisho ya mji wao, walimpa jina: Polisi wa Magofu. Yeye alilipenda. Mimi nilimwambia polisi wenzake wana mshahara.

Nyumba yao ilikuwa namba arobaini na sita. Aliipata kwa kibao cha ukutani, na kwa sababu mama yake alimtajia namba hiyo. Ilikuwa vyumba viwili na uwazi pale palipokuwa na mlango. Uwazi ule ulimuuma kuliko yote. Kila safari alisimama mbele yake akawalaani wezi waliobeba mlango wa nyumba ya baba yake. Picha yake aliisafisha kubwa, akaitundika juu ya kitanda cha mama. Mama mkwe wangu, Edelmira, aliitazama akasema, "Ndiyo, ndiyo yenyewe," akaendelea kuchambua dengu.

Picha aliyoipenda mwenyewe Zunilda ilikuwa nyingine. Mwisho wa safu ya mwisho, karibu na kiwanda cha mikate, kuna nyumba ambayo paa limekwenda, madirisha yamezibwa kwa bati, lakini mlango upo, wa kijani, umefungwa kwa waya uliokazwa vizuri. Nyumba nzima imeachia kila kitu isipokuwa mlango. Aliupiga picha asubuhi, akaupiga mchana, akaupiga ukungu ulipopanda kutoka baharini. Nilimwambia mlango haujabadilika tangu mwaka juzi, tuondoke, jua linanikaanga. Alijibu bila kugeuka kwamba akiutazama anahisi kuna mtu upande wa pili naye anausikiliza. Basi hapo mimi nilirudi garini. Picha ile ilikaa miaka katika dirisha la duka lake, na wateja wa vitambulisho waliuliza kama nyumba ile inauzwa.

Mama Edelmira alianza kupoteza macho taratibu. Kwanza uzi na sindano, halafu nyuso zetu, mwishoni dirisha likawa weupe tu. Hakulalamika. Alisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, akataka redio iongezwe sauti. Lakini alikonda, na daktari alipomaliza kumsikiliza kifua alituita barabarani kuzungumza, nasi tukaelewa kabla hajafungua kinywa.

Ndipo ikaja habari ya Santa Blandina. Kampuni mpya ilikuwa imenunua yale malundo ya taka za zamani ili kuyachuja tena, na mitambo ingepita katikati ya nyumba. Wazee wangeruhusiwa kufanya maadhimisho ya mwaka huo, ya mwisho, kisha nyumba zote zingesawazishwa. Zunilda alileta habari hiyo wakati wa chai ya jioni. Sijawahi kumwona amechoka vile. Alisema atapanda siku hiyo kuaga, akamuuliza mama yake angetaka picha gani ya mwisho.

"Picha nitaitazama na nini?" mama alisema. Alitafuta kikombe chake kwa vidole, akakiacha. "Nataka kumshika Lindor."

Lindor alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikufa kwa kifaduro kabla Zunilda hajazaliwa, na katika nyumba ile jina lake halikutajwa ila siku ya marehemu, tulipotengeneza maua ya karatasi. Nilidhani akili ya mama imeanza kufuata macho. Zunilda alimshika mkono akamwambia polepole kwamba Lindor amekufa siku nyingi.

"Mimi ndiye niliyemzika, wewe unanieleza?" mama alisema. "Nasema mlangoni. Baba yako alimpima urefu akakata alama kwa kisu kila sikukuu ya uhuru, Septemba, upande wa ndani. Picha hana. Mpiga picha alipanda kutoka bandarini mara moja kwa mwaka, na mwaka tuliopata fedha ya kumlipa alichelewa. Mwanangu amebaki mlangoni tu."

Zunilda akasema ule mlango uliibwa, mama, pale pako wazi.

Mama mkwe wangu akacheka, kile kicheko cha kukohoa. "Nani aibe? Tuliung'oa wenyewe."

Akatueleza jambo ambalo watu wa Santa Blandina hawakuona haja ya kumweleza mtu, kwa kuwa kila mtu alilijua. Nyumba zilikuwa za kampuni, lakini kampuni ilitoa kuta na bati, basi. Jangwani hakuna mti. Mwanamume alitafuta mbao za masanduku na za reli, akatengeneza mlango kwa mkono wake, na ule ukawa mali ya familia. Ukihamishwa safu, unaung'oa mlango kwenye bawaba, unaubeba kichwani, unakwenda kuufunga nyumba mpya. Walikuwa na msemo wao: ukuta wa kampuni, mlango wako. Mlango wa Lindor ulikuwa umekaa nyumba tatu kabla ya ile arobaini na sita. Na walipoondoka, lori la kuwashusha lilikuwa na nafasi ya kitanda au mlango, na Zunilda alikuwa mchanga. Mlango akaachiwa Auristela, mama wa ubatizo wa Lindor, aliyekaa karibu na kiwanda cha mikate. Auristela naye alipoondoka na mlango wake, alisema ule wa Lindor ataufunga hapo vizuri.

Zunilda aliuliza ulikuwa wa rangi gani. Aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Kijani. Baba yako alipata rangi ya mabehewa."

"Kwa nini hukuniambia, mama? Miaka yote hii?"

"Uliniletea nyumba," mama alisema. "Hukuniuliza habari za mlango."

Zunilda aliinuka akaenda kusimama uani kati ya nguo zilizoanikwa. Nilimfuata. Hakuwa analia, alikuwa anahesabu, midomo inacheza, na nilijua anahesabu Jumapili. Mwenye macho haambiwi tazama, hivyo ndivyo tunavyosema, na yeye macho ndiyo kazi yake.

Siku ya maadhimisho tulipanda mapema, nyuma ya mabasi ya wazee. Njiani tuligombana. Zunilda alitaka kuweka karatasi juu ya ile mikato ya kisu na kuisugua kwa penseli, mama apewe karatasi. Nikamuuliza mama atashika nini kwenye karatasi. Akasema basi atachonga kibao kingine, kwa vipimo vile vile. Nikasema chonga na mtoto mwingine. Nilikuwa nimechoka, na nikichoka ulimi wangu hauna breki. Akasema mimi sielewi, kwamba amewazuia watu pale nusu ya maisha yake, amewaita wezi mbele ya wake zao, na leo yeye ndiye abebe?

"Wifi," nilimwambia, "wewe ni mtoto wa Edelmira au ni mtoto wa magofu?"

Aligeuzia uso dirishani mpaka tulipofika.

Pale palikuwa na bendi ya matarumbeta, na wazee walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja nyumbani kwake. Ndivyo wanavyofanya. Wanafagia nyumba isiyo na paa, wanatandika kitambaa cha meza juu ya ukuta uliovunjika, wanatoa mikate na chai ya chupa, jirani anamwita jirani. Mwaka ule walifagia kwa bidii kuliko siku zote, na wote walijua kitakachofuata. Kuwatazama kulinichosha moyo.

Mbele ya mlango wa kijani Zunilda alipiga hodi. Alisubiri. Kisha akanyoosha mkono nikampa koleo, akakata waya wa Auristela.

Ndani hapakuwa na mtu, bila shaka. Pembeni mchanga ulifika magotini, jiko la chuma lilikuwa limelala ubavu, na juu yetu palikuwa na mbingu kavu ile ile. Alipousukuma mlango ukageuka, upande wake wa ndani ulikuwa haujapakwa rangi, mbao tupu zilizoiva kama mkate. Mikato ilikuwa chini, chini kuliko nilivyotegemea, minne, mmoja juu ya mwingine, na kando yake herufi L. Juu yake hapakuwa na kitu. Zunilda alipiga magoti mchangani akaitazama, halafu akainua macho akautazama mlango wote, kushoto na kulia, mpaka juu. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta Z.

"Mimi sipo," alisema.

Nikaenda kwenye bawaba.

Zilikuwa zimekula kutu, tukazipiga kwa jiwe mpaka mikono ikatoka damu. Mlango ulikuwa mzito kuliko umri wetu. Tulitoka nao barabara kuu, yeye mbele mimi nyuma, na hapakuwa na njia nyingine ila kupita uwanjani, mbele ya wote. Bendi ikakatika ala moja moja. Mzee wa ngoma kubwa akapaza sauti, "Haya, Polisi, leo umejikamata mwenyewe?" Watu wakacheka, na kicheko hakikuwa kizuri, maana wengi wao aliwahi kuwakemea kwa kuokota hata kijiko. Zunilda alikwenda kichwa chini. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa anafagia kizingiti chake, akaegemea ufagio akatutazama vizuri.

"Mnahama?" aliuliza.

Zunilda alisimama. Akanigeukia mimi.

"Tunahama," nikasema mimi.

"Mlango wa nani?"

"Wa Edelmira," Zunilda alisema. "Wa Lindor wa Edelmira."

Bibi akaweka ufagio chini. "Ukuta wa kampuni," akasema, na wengine, walioketi mezani na mikate yao, wakamalizia kwa mazoea, kama watu wanavyoitikia kanisani, "mlango wako." Akaja akashika pembe ya mlango kushoto kwangu. Yule wa ngoma akavua mkanda wa ngoma yake akaja upande wa pili. Waliubeba kwa namna ambayo sisi hatukuijua, ubavu, bega kwa bega, hatua fupi, na mlango ukawa mwepesi. Mmoja wao alimwambia Zunilda asikanyage mbele ya mlango wakati unahama, ni mkosi. Akahama upande.

Getini kulikuwa na mnyororo na mlinzi wa kampuni, kijana wa kusini, midomo imepasuka kwa jua. Alisema ameagizwa kitu kisitoke. Picha ruksa, vitu hapana.

"Picha ninazo," Zunilda alimwambia. "Nimeupiga mlango huu maisha yangu yote. Mama yangu haoni."

Kijana alitazama mlango, akatazama wale wazee waliokuwa wanahema chini yake. Aliuliza kama nyumba yenyewe imebaki na kitu ndani. Tukasema mchanga. "Mlango bila nyumba," akasema, amechoka kuliko sisi, "hata sijui nilinde nini," na akaushusha mnyororo.

Jirani zetu wawili walitusaidia kuuingiza chumbani kwa mama. Tuliusimamisha wima ukutani, upande wa ndani ukitazama kitanda, mkabala na picha ya nyumba namba arobaini na sita. Evaristo alitoka kitandani kwake, mgongo na yote, akaja kusimama kwenye korido. Zunilda hakuwa na kamera. Tulimketisha mama kwenye kiti, tukakisogeza, akanyoosha mikono hewani mpaka ikakutana na mbao.

Hakuutafuta sana. Vidole vyake vilishuka vyenyewe, vikaupata mkato wa chini, wa pili, wa tatu, na wa nne. Juu ya ule wa nne aligeuza mkono, kiganja kikatazama chini, akakiacha hapo hewani, bapa, jinsi unavyokiweka juu ya kichwa cha mtoto aliyesimama mbele yako. Akakaa hivyo.

"Alikuwa anafika hapa," alisema.

Baadaye Zunilda alimuuliza. Alijaribu kuuliza kama jambo dogo tu, kwa nini yeye hakupimwa.

"Baba yako aliogopa," mama alisema. "Alisema tulimpima yule mpaka tukamwonyesha kwa kifo. Wewe ulipozaliwa alikificha kisu." Alipumua kwanza, maana kusema kulimtoa jasho. "Njoo hapa. Mimi siogopi tena, nimeshapitwa na kuogopa. Nolfa, mwanangu, niinue, halafu leta kisu cha jikoni."

Nilimpitisha mkono kiunoni nikamwinua, hakuwa na uzito. Zunilda alivua viatu bila kuambiwa, mwanamke wa miaka sitini na soksi zake zilizotoboka, akaupa mlango mgongo. Mama alimpapasa mabega, shingo, mvi, akalaza kiganja juu ya utosi wake.

"Simama wima," alimwambia. "Usicheke. Tazama mbele."

Zunilda alitazama mbele. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, asije akasogea. Nilipitisha kisu chini ya kiganja cha mama mkwe wangu, nikakata. Mbao zile zimekauka, ni ngumu kama jiwe, ilinibidi nikate mara mbili.